Chupa Yenye Lebo ya Buluu

Kila kengele ya mchana ilipolia, Feriel alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Kwao hakukuwa mbali. Ukivuka uwanja wenye mnara wa saa, ukashuka vichochoro viwili vya mawe, unaisikia harufu ya dengu kabla hujaugusa mlango. Wanafunzi wengi wa Miliana, mji wa mlimani huko Algeria, hula nyumbani mchana, kisha hurudi shuleni, na Bibi Khadra hakuwa mtu wa kumsubiri mchelewaji. Ukikuta bakuli limekauka, hiyo ndiyo riziki yako.

Mezani palikuwa na mkate, zeituni, bakuli la dengu na chupa mbili kubwa za soda ya limau. Ya kwanza ilikuwa na lebo ya manjano, nayo ilikuwa ya watu wote. Ya pili ilikuwa na lebo ya buluu iliyoandikwa "Bila Sukari", na hiyo ilikuwa ya Babu Rabah peke yake. Hakuna aliyeigusa. Katika nyumba ile waliiheshimu kama dawa.

Babu Rabah alikuwa mwokaji mikate kwa miaka mingi, kabla magoti hayajamchosha. Sasa alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Wakati wa Idi kiatu kipya kilimchubua kidole cha mguu, na hadi majira ya kuchipua, maua meupe yalipokwisha kufunika miti ya micheri mlimani, kidonda kile kilikuwa hakijafunga. Kila asubuhi Bibi Khadra alimchoma kidole cha mkono kwa sindano ndogo, akaweka tone la damu kwenye mashine, kisha akatikisa kichwa.

"Leo tena!" alisema siku hiyo, akimpa Babu kipande chake cha mkate. "Sukari hii inatoka wapi, Rabah? Chai nakupa chungu. Keki nimezifungia kabatini, na ufunguo nalala nao. Inatoka wapi?"

"Labda inatoka kwako," Babu akajibu. "Mtu akikaa na mke mtamu miaka yote hii, sukari yake itaacha kupanda?"

Mama yake Feriel alicheka hadi akaweka kijiko chini. Bibi hakucheka.

"Fanya mzaha tu. Kidole hicho cha mguu hakijui mzaha."

Feriel alimaliza dengu zake upesi akarudi shuleni. Alasiri hiyo walikuwa na kemia, na kemia ilikuwa somo lake. Tangu mwaka uanze hakuna aliyempita, si kwa mtihani wala kwa jaribio. Jambo hilo lilimpendeza, na alipenda pia wenzake walijue.

Mwalimu Nassima alikuwa mwanamke mfupi, mwenye koti jeupe lenye madoa ambayo sabuni ilikwisha kuyashindwa. Hakuwa na kawaida ya kupaza sauti. Siku hiyo aliingia bila kusema neno, akaweka mezani glasi moja ndefu na vikombe vinne vya maji ya rangi: nyekundu, manjano, kijani na buluu. Akamimina nyekundu. Kisha akainamisha glasi, akaiteremsha ile ya manjano taratibu kwenye ukuta wa kioo, tone kwa tone. Halafu kijani. Halafu buluu.

Kelele za darasa zilikatika zenyewe. Ndani ya glasi rangi nne zilikaa moja juu ya nyingine, kila moja mahali pake, kama vitambaa vilivyokunjwa dukani. Mwanafunzi mmoja wa nyuma alisimama juu ya kiti ili aone, na Mwalimu hakumkemea.

"Mbona hazichanganyiki?" akauliza Shahinez, rafiki yake Feriel, ambaye mdomo wake haukujua kusubiri. "Zimegombana?"

"Zote ni maji ya bomba," alisema Mwalimu Nassima. "Rangi ni mapambo tu. Kinachozitenganisha ni sukari. Nyekundu ina nyingi kuliko zote, ndiyo maana imekaa chini. Buluu haina hata chembe." Akaitazama glasi kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. "Sukari ukiiyeyusha, macho yanaipoteza. Lakini haijaenda popote. Imo humo humo, na uzito wake ni ule ule. Wewe huioni, lakini maji yanajua."

Feriel alihisi nywele za mikono zikimsimama. Alikuwa amekoroga sukari kwenye chai tangu utotoni, na hajawahi kujiuliza inakwenda wapi.

Kisha Mwalimu akawaonyesha kifaa kiitwacho haidromita, ambacho wanafunzi walikipa jina la kielea. Ni mrija wa kioo, chini mnene na umejazwa vipande vidogo vya madini ya risasi, juu una shingo nyembamba yenye mistari. Ukikitia kwenye maji matupu, kinazama hadi shingoni. Ukikitia kwenye maji yenye sukari, maji hayo mazito yanakibeba, kinapanda. Sukari ikizidi, kinapanda zaidi. Walipima maji ya sukari waliyoyatengeneza wenyewe kwa mizani, wakaandika kila mstari una maana ya gramu ngapi.

"Jumatano kila kundi lilete kinywaji kutoka nyumbani," Mwalimu akasema. "Tutapima, kisha tutalinganisha na maneno ya lebo. Siku ya Elimu wazazi watakuja. Kundi lenye kazi safi kuliko zote ndilo litakalowaeleza."

Feriel akamgeukia Shahinez. "Wote wataleta soda zenye sukari. Sisi tutaleta isiyo nayo. Yetu itakuwa tofauti na zote."

"Tutaipata wapi?"

"Ya babu yangu."

Jumatano asubuhi aliitoa kwenye friji chupa ya lebo ya buluu, iliyobaki soda kama theluthi. Babu alikuwa bado amelala. Mama akasema ichukue tu, atanunuliwa nyingine.

Maabara siku hiyo ilikuwa kama soko. Kwanza walitoa gesi, maana vipovu hukishika kielea na kukiinua kwa hila. Walimimina soda kutoka kikombe hiki kwenda kile, wakaipasha moto kidogo, wakaiacha ipoe. Kisha wakapima. Kundi la kwanza lilikuwa na soda ya machungwa, na kipimo kilikubaliana na lebo. La pili lilileta soda nyeusi, nayo ikakubaliana. Mwalimu akawaambia kila kundi wapime kwenye mizani sukari kavu inayotosha chupa yao nzima, waimimine kwenye sahani, waiweke mbele ya chupa.

Vilima vyeupe vikaanza kuota juu ya meza, kimoja baada ya kingine. Hapo maabara ikapoa.

"Wallahi," alisema yule mwanafunzi aliyependa kusimama juu ya viti, "mimi kilima hicho nakinywa nikitazama mpira. Nusu ya kwanza tu!"

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa akitazama chupa, kisha kilima, kisha chupa, kama watu walioonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yao wenyewe.

Kwenye meza ya mwisho Feriel alikitia kielea kwenye soda ya Babu, akaachia. Kikayumba, kikatulia. Shingo ilikuwa juu, imesimama nje ya maji.

"Kimepanda," Shahinez alinong'ona.

"Ni gesi."

"Gesi tumeshaitoa."

"Tutoe tena."

Wakamimina tena, wakapasha tena, wakasubiri. Kielea kikapanda pale pale. Kilikuwa kinasema soda ile ina sukari nyingi kama soda za makundi mengine.

"Tumwite Mwalimu," alisema Shahinez.

"Tumwambie nini? Kwamba sisi peke yetu tumeshindwa? Lebo inasema haina sukari."

"Lebo inasema hivyo. Kielea kinasema vingine."

"Basi kielea chetu kibovu. Au tumekosea mahali." Feriel aliangalia kule mbele. Mwalimu Nassima alikuwa akija, anapita meza baada ya meza, anasoma majibu. Makundi yote yamepatia, na yeye, Feriel, aonekane hajui hata kutoa gesi kwenye soda? Akachukua kalamu, akaandika sufuri. Akaweka mbele ya chupa sahani tupu.

Shahinez alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mdomo ule haukutoa kitu.

"Vizuri," alisema Mwalimu alipofika. "Sahani hii tupu itawafikirisha wazazi kuliko zile zilizojaa. Nadhani ninyi ndio mtakaoeleza."

Feriel aliyangojea maneno hayo wiki nzima. Alipoyapata, hayakuwa na ladha.

Mchana huo, Babu Rabah alikuwa amesimama mbele ya friji iliyo wazi.

"Nani amechukua chupa yangu?"

"Mimi, Babu," alisema Feriel akivua mkoba. "Niliipeleka shuleni tuipime."

Babu aligeuka. "Mpime nini?"

"Sukari."

Mkono wa Babu ulibaki umeshika mlango wa friji. Baridi ilikuwa ikitoka, naye hakuufunga.

"Mkaona nini?"

Feriel alitazama kitambaa cha meza. "Sufuri. Haina kitu."

Babu akashusha pumzi, kisha akaangua kicheko kikubwa kuliko kilichohitajika. "Umesikia, Khadra? Hata sayansi imenitetea!"

"Alhamdulillah," alisema Bibi Khadra, na uso wake ukalainika. "Soda hiyo ilikuwa ikinitia shaka, sitaficha. Kama hata yenyewe haina, basi daktari yuko sahihi. Jumapili atamwongezea sindano ya insulini. Amesema mtu asiyekula kitamu, na sukari inapanda hivi, dawa haimtoshi. Ataiongeza maradufu." Akampapasa Feriel kichwani. "Mungu akubariki, mwanangu. Umenituliza moyo."

Feriel aliuweka mkate chini. Alimtazama Bibi akigawa zeituni, uso umetulia, na akaelewa utulivu ule umetoka wapi. Umetoka kwenye tarakimu moja aliyoiandika yeye, ili asionekane amekosea. Aliacha bakuli nusu, akasema ana kazi shuleni, akaondoka.

Shahinez alimkuta kwenye ngazi za shule. Feriel alimsimulia kwa pumzi moja.

"Twende," Shahinez alisema. "Nitakusubiri mlangoni. Ukianza kulia nitaingia."

Mwalimu Nassima alikuwa akiosha vyombo vya maabara. Feriel alisema yote akiwa amesimama, bila kujitetea, kwa sababu alijua akianza kujitetea hatamaliza. Mwalimu alifunga bomba, akajifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ungeweza kunyamaza," alisema. "Nisingejua kamwe. Kwa nini umekuja?"

"Babu atadungwa sindano kwa ajili ya sufuri yangu."

Mwalimu alivuta kiti, akakaa. "Sitakuambia si kitu, Feriel. Ni jambo kubwa. Lakini kwanza tujue ukweli wenyewe, kisha tutazungumza habari zako. Soda iliyobaki iko wapi?"

Ilikuwepo, kwenye rafu. Mwalimu akamwita Shahinez mlangoni, akamtuma dukani akalete chupa nyingine yenye lebo ya buluu, ambayo kizibo chake hakijafunguliwa. Wakatoa gesi, wakapima zote mbili kwa kielea kile kile. Katika soda mpya kilizama hadi shingoni, kama kwenye maji. Katika soda ya nyumbani kikapanda.

"Kielea ni kizima," alisema Shahinez kwa sauti ndogo.

"Na kiwanda hakikukosea," alisema Mwalimu. "Sasa tazameni."

Akamimina soda kidogo ya kila chupa kwenye vibakuli viwili vya udongo, akaviweka juu ya moto mdogo. Maji yakaanza kuchemka, yakapungua. Kibakuli cha kwanza kilikauka, kikabaki na doa tu. Cha pili hakikukauka. Kilichokuwa chepesi na angavu kama maji ya chemchemi kiligeuka kizito, kikawa na rangi ya dhahabu, kikatoa mapovu makubwa ya uvivu, na maabara nzima ikajaa harufu ya sukari iliyoungua, harufu ya sherehe. Wasichana wawili walisogea hadi nyuso zao zikapata joto. Feriel alitaka kulia na alitaka kuendelea kutazama. Kitu hiki chote kilikuwa kimejificha ndani ya soda ile, mbele ya macho yao, kila siku, juu ya meza ya chakula.

"Mtu amemimina soda ya sukari kwenye chupa ya buluu," alisema Feriel. Kisha akaukumbuka mkono wa Babu ulioganda kwenye mlango wa friji.

Mwalimu akakifuta kielea, akakiviringisha kwenye kitambaa, akampa.

"Usimpelekee babu yako hukumu. Mpelekee kipimo."

"Kikivunjika, Mwalimu?"

"Vioo huvunjika. Nenda."

Alasiri, Bibi Khadra alikuwa amekwenda kuhani msibani kwa jirani, na Mama alikuwa hajarudi kutoka kazini. Babu Rabah alikuwa jikoni, mguu wenye kidonda ameuweka juu ya kigoda. Chupa nyingine ya lebo ya buluu, ya zamani, ilikuwa mezani, imejazwa upya.

"Nini hicho umekifunika kama mtoto mchanga?"

"Ni kielea, Babu. Kinapima sukari."

"Mpaka jikoni mwangu?" Lakini alivaa miwani. Babu hakuwahi kuona chombo asichotaka kukijua.

Feriel alijaza maji kwenye glasi ndefu, akakitia kielea. Kikazama hadi shingoni. Kisha akakoroga sukari kwenye maji yale yale, akakitia tena. Kikapanda, kama kilichosukumwa na kidole kutoka chini. Babu aliinama hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Ajabu! Kimejua bila kuonja?"

"Maji yamekuwa mazito, yanakibeba."

"Mungu ni mkubwa," Babu alisema taratibu. Aliyakoroga maji mwenyewe, akakitoa kielea, akakirudisha, kama mtoto aliyepewa samaki hai. Kisha macho yao yote mawili yakaiendea chupa.

Ni Babu aliyenyoosha mkono. Aliyamwaga maji ya glasi, akamimina soda. Walisubiri vipovu vitoke. Kielea kikaingia, kikayumba, kikapanda, kikasimama.

"Basi," alisema Babu. "Kimeona."

Akavua miwani. "Nilipokuwa kwenye tanuri, mjukuu wangu, moto ulikuwa mbele na moto ulikuwa kichwani. Mchana tulikaa mlangoni na mkate wa moto na soda ya limau ya baridi. Ujana wangu wote uko pale. Hiyo nyingine, ya lebo hii, nilijaribu. Sikuiweza. Nikasema, glasi moja haimuui mtu. Glasi ikawa chupa. Naijaza asubuhi mkiwa mmetoka." Akainua uso. "Usimwambie bibi yako. Nitaacha. Nakuapia nitaacha. Lakini usimwambie."

Feriel alishika ukingo wa meza. "Babu, leo mchana nilikudanganya. Nilijua kimepanda. Niliandika sufuri nisionekane mjinga mbele ya wenzangu. Na Bibi amenibariki kwa sufuri hiyo."

Babu akaisogeza glasi kando. "Kumbe mchana tulikuwa waongo wawili kwenye meza moja."

"Na Bibi katikati, ametuamini sote wawili."

Babu akatazama kidole chake cha mguu ndani ya bendeji. Mwishowe akauliza, "Chupa nzima ina sukari kiasi gani? Nionyeshe."

Feriel akachukua kopo la sukari na sahani. Akachota kijiko, akamimina. Kijiko kingine. Kingine tena.

"Inatosha," alisema Babu.

"Bado, Babu."

Akaendelea. Kilima kikakua, kikaanza kumomonyoka pembeni.

"Inatosha, mtoto!"

"Bado."

Alipoacha, sahani ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Babu alikisogelea kilima kile, akakigusa kwa ncha ya kidole bila kuonja, akaondoa mkono. "Sukari nimeishika maisha yangu yote," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye msikitini. "Nimeimimina kwenye unga kwa mikono hii, najua nimetia nini. Hii sikuiona ikipita. Kila siku, na sikuiona."

Bibi Khadra aliwakuta hivyo, sahani katikati. Feriel alisimama. Babu akamwashiria akae.

"Sahani hii ni yangu, Khadra," alisema. "Ndiyo ninayokunywa kila siku kwenye chupa ya buluu." Akamweleza yote, hakuacha hata asubuhi za kujazia.

Bibi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Babu. Alikaa na ushungi wake wa msibani, akaitazama sahani.

"Kila asubuhi nilikuwa najilaumu mimi," alisema. "Nasema labda napika vibaya. Labda nimesahau kitu. Nikiamka usiku nawaza nimekulisha nini." Machozi yakamshuka, hakuyafuta. "Ningekukasirikia siku moja tu, Rabah. Wewe umenitia hatiani miezi."

Babu Rabah aliinamisha kichwa, akaubusu mkono wa mkewe. Kisha akainuka kwa mguu wake mbovu, akaimwaga chupa kwenye karo hadi tone la mwisho.

Jumapili walikwenda wote kwa daktari, na Babu akajieleza mwenyewe kabla hajaulizwa. Daktari alikuwa kijana asiye na maneno mengi. Aliweka chini karatasi aliyokuwa ameanza kuiandika.

"Mzee, leo nilikuwa naongeza dawa maradufu," alisema. "Ungeianza, kisha siku moja uamue kuacha soda, sukari yako ingeshuka ghafla. Ungeweza kuzimia peke yako, na usiamke." Akamgeukia Feriel. "Mimi natibu kwa namba ninazopewa, binti. Namba ikinidanganya, mkono wangu unadanganyika nayo." Dawa ikabaki ilivyokuwa. Asubuhi baada ya asubuhi tarakimu za mashine zikaanza kuteremka, na kidonda, kwa mwendo wa kobe, kikaanza kufunga.

Kuhusu shule, Mwalimu Nassima hakumwachia Feriel bure. Alimtaka asimame mbele ya darasa aseme alichoandika na alichokiona. Feriel alisema, masikio yakiwaka moto. Kazi ya kuwaeleza wazazi akapewa Shahinez. Na jedwali lao likabandikwa ukutani jinsi lilivyo: sufuri imekatwa kwa mstari mmoja, bado inasomeka, na kando yake kipimo cha kweli.

Siku ya Elimu wazazi walijaa maabara. Shahinez alieleza hadi jasho likamtoka, na mbele ya vilima vya sukari watu wazima walisimama kimya kama walivyosimama watoto wao. Kisha baba mmoja mwenye koti la kijivu akanyoosha kidole ukutani.

"Mwalimu, kazi zote ni nzuri. Lakini hili jedwali lenye makosa mbona mmeliacha?"

Feriel alitamani sakafu impokee.

"Kwa sababu ndilo lililotufundisha zaidi," alijibu Mwalimu Nassima. "Hapo palikuwa na kipimo cha kweli ambacho hakuna aliyekitegemea. Mwanafunzi akakiogopa, akakificha. Kipimo hakimpendi mtu wala hakimchukii mtu. Kinasema tu kilichopo. Anayekificha hajikingi na aibu. Anawafunga macho wenzake, na pengine mmoja wao yuko ukingoni mwa shimo. Mwanafunzi huyu alirudi akasema kweli kabla mtu hajaanguka. Kukosea tutakosea sote, mimi wa kwanza. Ila tuandike tunachokiona."

Kisha bakora ikagonga sakafu nyuma ya watu.

"Aliyekuwa ukingoni mwa shimo ni mimi," alisema Babu Rabah. Watu wakampisha, naye akasogea mbele, Bibi Khadra kando yake. "Msimtazame mtoto. Mtoto alidanganya mara moja, akashindwa hata kumaliza chakula. Mimi nilidanganya miezi, na nikala nikashiba."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, kicheko cha upole. Mama mmoja akafungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo ya maji ya matunda ya mwanawe.

"Na hii?" akauliza. "Mnaweza kuipima?"

Shahinez akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Feriel, akampa kielea.

Nyuma ya mama yule pakatokea mwingine, na mwingine, kila mmoja na alichonacho, hadi mstari ukafika ukumbini. Feriel alitoa gesi, akapima, akasoma, akaandika. Mlinzi alikuja na funguo zake akataka kufunga, akasimama kutazama, akasahau kilichomleta.